Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Wakili Anayechunguza Mauaji: Mwongozo Kamili

Hadithi zetu za upelelezi zimemzoea shujaa mwenye bastola. Anaingia kwa mlango wa nyuma, anamkaba mtu shati, anapiga simu makao makuu na gari linakuja. Wakili hana hata kimoja katika hivyo. Hawezi kukamata, hawezi kupekua nyumba ya mtu, hana maabara, na akionekana anamzungukazunguka shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, hakosi wa kusema anavuruga ushahidi. Alichonacho ni haki ya kusoma karatasi, haki ya kuuliza maswali mahakamani, na mteja ambaye huenda anamdanganya.

Waandishi wengi wakifika hapo humgeuza wakili kuwa polisi aliyevaa joho. Anaruka ukuta, anamfukuza muuaji kwa pikipiki, na mwishoni muuaji anaangua kilio kizimbani na kuungama mbele ya umati. Msomaji aliyewahi kukaa hata asubuhi moja kwenye korido za mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, anaacha kusoma hapo hapo. Mimi nashauri kinyume, na mwongozo huu wote umesimama juu ya hilo: fumbo liweke ndani ya jalada la kesi, kisha mlazimishe wakili alifumbue kwa njia za wakili. Vizuizi vyake ndivyo vitakavyokupa hadithi.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni toka mwanzo hadi mwisho. Tuko Pangani, mkoani Tanga, miaka ya 2010. Mzee mwenye mashamba ya minazi anakutwa njiani asubuhi, ameuawa kwa kukatwa panga. Mpwa wake, ambaye watu walimsikia akizozana naye juu ya shamba, anakamatwa. Shahidi mmoja anasema alimwona usiku ule. Wakili ni Upendo, mzaliwa wa Singida, mwenye ofisi ya chumba kimoja Tanga mjini.

Hatua ya 1: Chagua mahakama kabla ya kuchagua maiti

Wengi huanza na maiti, halafu wakifika sura ya kumi ndipo wanajiuliza kesi inasikilizwa wapi. Geuza. Utaratibu wa kesi ndio uti wa mgongo wa riwaya yako, nao hutofautiana kutoka nchi hadi nchi.

Tanzania Bara, kesi ya mauaji haina dhamana. Mtuhumiwa anafikishwa kwanza mahakama ya chini, anasomewa shtaka na kuambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Kisha inaanza ile sentensi ambayo kila mama wa mahabusu anaijua kwa moyo: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Miezi inapita, pengine miaka. Upelelezi ukikamilika, mtuhumiwa anarudishwa mbele ya hakimu, anasomewa maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo, anapewa nakala, na kesi inapelekwa Mahakama Kuu. Huko ndiko anakojibu shtaka kwa mara ya kwanza. Hufuata usikilizwaji wa awali, ambapo mambo yasiyobishaniwa yanatengwa kando, halafu ndipo kesi yenyewe.

Liangalie hilo kwa jicho la mtunzi. Mpaka siku ile ya kusomewa maelezo, upande wa utetezi haujui Jamhuri ina nini mkononi. Nusu ya kwanza ya riwaya yako wakili anachimba bila kujua anatafuta nini, halafu siku moja karatasi zote zinamwangukia mezani kwa pamoja na kila alichokiamini kinabadilika. Huna haja ya kubuni mgeuko wa katikati, sheria imeshakutengenezea.

Ukiiweka hadithi Nairobi, mambo ni mengine. Chini ya Katiba ya 2010 mshtakiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana, hupimwa akili kabla ya kujibu shtaka, na hujibu moja kwa moja Mahakama Kuu. Mteja wako anaweza kukaa ofisini kwa wakili anakunywa chai, na jioni akamfuata shahidi baa. Wa Tanga yuko gereza la Maweni, anaongea na wakili wake huku afande anawatazama. Zanzibar nayo ina Mahakama Kuu yake na Mkurugenzi wa Mashtaka wake. Inakutana na Bara kwenye Mahakama ya Rufani. Usichanganye.

Adhabu ijue vizuri maana ndiyo inayopima uzito wa kila ukurasa. Bara, anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia huhukumiwa kunyongwa, na jaji hana nafasi ya kupunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha hapohapo, iliamua mwaka 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Kenya, Mahakama ya Juu iliuondoa ulazima huo Desemba 2017. Kunyonga kwenyewe hakujafanyika Tanzania tangu miaka ya 1990, ila hukumu zinaendelea kutolewa, na mtu anaweza kuzeeka nayo gerezani. Kati ya kunyongwa na kosa la kuua bila kukusudia, ambalo mwisho wake ni kifungo cha maisha na mara nyingi huwa chini ya hapo, kuna nafasi kubwa ya majadiliano. Wakili anayemshawishi mteja wake akubali kosa dogo ambalo hakulitenda ni sura nzima ya riwaya, na ni nzuri.

Mambo mawili ya kipindi. Usiweke baraza la raia kumi na wawili kama kwenye filamu za Marekani, sisi hatuna. Tuna, au tulikuwa nao, wazee wa baraza: washauri wanaokaa na jaji na kutoa maoni ambayo hayamfungi. Kenya iliwaondoa 2007. Bara walikuwa wa lazima kwenye kesi za mauaji hadi marekebisho ya 2022, na ndiyo maana nimeuweka mfano wangu miaka ya 2010. Utaona nitakavyowatumia. La pili ni lugha: Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021. Kabla ya hapo shahidi wa Mahakama Kuu alisema kwa Kiswahili na jaji akaandika kwa Kiingereza, hivyo kama hadithi yako ni ya 2014, usimwonyeshe wakili anasoma mwenendo wa kesi wa Kiswahili.

Hatua ya 2: Andika usiku wenyewe, ukurasa mmoja, usimwonyeshe mtu

Nani aliua, kwa nini, alisimama wapi, alikuwa na taa gani, aliondoka kwa njia ipi. Ukurasa huu hauingii kwenye kitabu, ila bila huo utaanza kubuni muuaji ukiwa sura ya ishirini, na msomaji atakushtukia.

Ukweli wa Pangani ni huu. Mzee alitaka kumpa mpwa wake shamba kubwa kwa hiba, yaani zawadi anayoitoa angali hai. Hiba ikikamilika, shamba linatoka kwenye mali zake, na siku akifa haliingii kwenye mirathi. Mume wa binti yake ana madeni na amekwisha wahakikishia wadai wake kwamba shamba litaangukia kwa mkewe. Kwa hiyo mzee hana budi kufa kabla ya hiba. Mkwe huyo anamvizia usiku, wakati watu wako msikitini. Akiwa anaondoka kwa pikipiki, taa yake inammulika mpwa anayepita njiani kwa miguu. Wiki hiyohiyo anakwenda kituoni na kusema alimwona mpwa.

Mkwe hakudanganya kila kitu. Kumwona alimwona. Ushahidi wa uongo wenye ukweli ndani yake ni mgumu kuvunja, na ndio utakaomsumbua wakili wako. Shahidi aliyezua kila kitu huvunjwa kwa swali moja na kitabu kikaishia hapo.

Hatua ya 3: Litengeneze jalada kabla ya kuandika sura ya kwanza

Hii ndiyo hatua ninayowasisitizia watu na ndiyo wanayoiruka. Kaa chini uandike hati zenyewe, moja moja, kwa lugha ya kituoni. Hati ya mashtaka. Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, yaani aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa, na kama aliungama, maelezo ya ungamo aliyoyatoa kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Ramani ya eneo la tukio iliyochorwa na mpelelezi kwa mkono, yenye herufi A, B, C. Hati ya ukamataji mali, inayoonyesha panga lilichukuliwa wapi na nani alishuhudia. Ripoti ya daktari aliyeuchunguza mwili. Kama damu ilipelekwa kupimwa, ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, pamoja na karatasi za makabidhiano zinazoonyesha sampuli ilipita mikononi mwa nani na lini.

Maelezo ya shahidi wetu yangekuwa hivi:

"Mimi ni mkulima na mkazi wa kijiji tajwa hapo juu. Marehemu namfahamu, ni jirani yangu. Mnamo tarehe tajwa majira ya saa 4:30 usiku nikiwa natoka katika shughuli zangu nilimuona mtuhumiwa akitembea kwa haraka akiwa ameshika kitu mfano wa panga. Niliweza kumtambua vizuri kwa kuwa kulikuwa na mbalamwezi na ni mtu ambaye namfahamu tangu akiwa mdogo. Hayo ndiyo maelezo yangu."

Yasome tena polepole. Yana matundu matatu. Amejiita jirani wakati ni mkwe. Ametaja mbalamwezi. Na pikipiki haimo kabisa, mtu anatoka "katika shughuli zake" kana kwamba alikuwa anatembea kwa miguu. Hakuna hata moja linalopiga kelele. Huo ndio ustadi unaotafutwa: hati iwe na sauti ya kawaida kiasi kwamba msomaji aipite huku ameshika jibu mkononi.

Tarehe nayo ina kazi. Kwenye jalada imeandikwa kwa kalenda ya serikali, kama inavyoandikwa kila siku. Hakuna aliyeandika kwamba ilikuwa Ramadhani. Mpelelezi hakuona sababu.

Kuna matundu ya aina nyingine, ya utaratibu, na hayo ni matamu lakini yana hatari yake. Bara, maelezo ya onyo yanatakiwa kuchukuliwa ndani ya saa nne tangu mtuhumiwa awekwe chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu. Kielelezo cha maandishi kikipokewa mahakamani bila kusomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa, Mahakama ya Rufani hukifuta kwenye kumbukumbu. Kesi halisi zimeanguka kwa sababu hizo. Ila mteja wako akiachiwa kwa sababu ya saa nne, msomaji bado hajui nani aliua, na atajisikia ameibiwa. Tumia utaratibu kuongeza presha na kuangusha ushahidi mmoja katikati ya kitabu, kwa mfano lile ungamo alilotia sahihi kwa kipigo, ili kesi yote ibaki imening'inia kwa shahidi mmoja tu: mkwe.

Hatua ya 4: Mteja adanganye, na awe na sababu

Mpwa anamwambia Upendo kwamba usiku ule alikuwa msikitini. Uongo. Alikuwa nyumbani kwa mwanamke aliyeolewa, ambaye mumewe yuko baharini, na alitumia saa ya tarawehe kwa kuwa njia zilikuwa tupu. Kulisema hilo ni kumwangamiza yule mwanamke na kuiaibisha nyumba yake mwenyewe. Yuko tayari kukaa Maweni.

Kama mshtakiwa anataka kutetea kwamba hakuwepo eneo la tukio, anatakiwa atoe taarifa mapema. Akilitoa la moyoni dakika za mwisho, mahakama inaweza isilipe uzito. Sasa una saa ya ukutani inayogonga. Kila wiki anayonyamaza inapunguza thamani ya neno ambalo lingemwokoa, na wakili hajui neno hilo lipo.

Mazungumzo ya gerezani yaandike mafupi. Mtu aliyekaa mahabusu muda mrefu haongei kama mhadhiri. Anauliza habari za mama yake, anauliza kama kuna mtu alileta sabuni, halafu ndipo mnaingia kwenye kesi. Wakili mzuri anasubiri.

Jiulize pia Upendo ameipataje kazi hii. Kama ukoo umechanga, kuna mjomba atakayempigia simu kila jioni kuuliza hela zimekwenda wapi. Kama amepangiwa na mahakama, analipwa kidogo na Serikali. Mimi ningechagua la pili. Mtu anayelipwa kidogo akichimba kuliko anavyolipwa, msomaji anaanza kumjua bila wewe kumweleza tabia zake.

Miiko ya kazi itakubana, iache ikubane. Anachoambiwa na mteja ni siri. Mteja akimwambia "niliua", hawezi kukimbilia polisi, wala hawezi kusimama na kuithibitishia mahakama kitu anachojua ni uongo. Anaweza tu kuipima kesi ya Jamhuri kama imethibitishwa bila kuacha shaka. Na wakili hawi wakili na shahidi katika kesi moja. Akienda peke yake akaona kitu cha maana, hana wa kukisimulia mahakamani ila yeye mwenyewe, na akikisimulia lazima ajitoe. Kwa hiyo mpe mtu wa kwenda naye: karani wake, au msaidizi wa kisheria wa pale wilayani anayejua njia na watu. Waandishi wengi humpa shujaa msaidizi kwa ajili ya kuchangamsha mazungumzo. Hapa sheria yenyewe inamdai.

Hatua ya 5: Wapeleke mahali ambapo wakili hufika kweli

Eneo la tukio kwanza, na wakati uleule wa usiku. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani iliweka maswali ambayo mawakili wetu wanayakariri hadi leo: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, alimfahamu kabla, kulikuwa na kizuizi. Kama unaandika kesi ya utambuzi wa usiku, hayo maswali ndiyo mpangilio wa tukio lako. Upendo asimame pale alipodai kusimama shahidi. Karani atembee njiani akiwa ameshika fimbo. Minazi inatia kivuli kiasi gani? Uso unaonekana kutoka hatua ngapi? Mweke msomaji pale, mbu wamng'ate.

Kwa mtendaji wa kijiji pitia haraka, anajua kila mgogoro wa shamba na hapendi kuandikwa. Hospitali, daktari aliyeuchunguza mwili pengine amekwisha hamishwa kituo kingine, na kumpata kunaweza kula sura moja au aya moja, utaamua wewe.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni masjala ya Mahakama ya Mwanzo. Hapana maajabu: meza, majalada yaliyofungwa kwa kamba, karani anayetafuta miwani. Mtu akifa na mali, ndugu hukaa, huandika muhtasari wa kikao cha ukoo, humpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari huo hupelekwa mahakamani. Wapelelezi wa mauaji hawana mazoea ya kufungua jalada la mirathi. Upendo analiomba, analipia, anaketi kwenye benchi na kusoma majina ya waliohudhuria. Namba moja, kaka wa marehemu. Namba mbili, binti. Namba tatu ni jina ambalo ameliona kwenye maelezo ya polisi, na mbele yake pameandikwa kwa kalamu ya bluu: MKWE. Chini, kikao kimempendekeza yeyeyule awe msimamizi.

Kinywa kimoja, hati mbili. Kwa polisi ni jirani, kwenye mirathi ni mkwe. Usimfanye Upendo aruke kwa furaha. Aombe nakala iliyothibitishwa, alipie, atie kwenye bahasha, atoke nje akanunue maji. Msomaji ataruka kwa niaba yake.

Hatua ya 6: Zitenganishe nusu mbili za dalili

Dalili ya haki humfikia msomaji mapema, ila vipande vyake viko mbalimbali. Mbalamwezi tumeiona kwenye maelezo ya shahidi, tuseme sura ya tisa. Nusu yake nyingine iweke sura ya tatu, mdomoni mwa mama wa mshtakiwa, ikiwa imefunikwa na majonzi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae, usisimame mlangoni. Wamemchukua mwanangu siku mbili kabla ya kuandama mwezi. Nguo ya sikukuu nimeshamshonea. Usiku wa ishirini na saba ndio walimuua mzee, watu wanaomba dua, wao wanaua. Wakili gani ataliweza hilo?"

Upendo wa Singida anasikia uchungu wa mama. Hasikii kalenda. Msomaji wa pwani anaweza kusikia, na akisikia atajiona mjanja hadi mwisho, jambo ambalo si baya hata kidogo. Usiku wa ishirini na saba wa Ramadhani, ule unaofuata funga ya ishirini na sita, mwezi hauko angani saa nne. Huchomoza karibu na alfajiri, kipande chembamba mashariki, wanaoamka kula daku ndio hukiona.

Hila hii ina ukoo. Mwaka 1858, huko Beardstown, Illinois, Abraham Lincoln akiwa bado wakili alimtetea bure kijana aliyeitwa Duff Armstrong kwenye kesi ya mauaji. Shahidi alidai aliona pigo kwa mwanga wa mwezi. Lincoln akaitoa almanaka kuonyesha mwezi ulikuwa wapi saa ile, na kijana akaachiwa. Sisi hatuhitaji hata almanaka. Kalenda ya mwezi tunaifunga mwezi mzima kila mwaka.

Ila usiishie kwa "basi shahidi ni mwongo". Uliza swali la pili, ambalo ndilo la riwaya: kama hapakuwa na mwezi na bado alimwona, aliona kwa mwanga gani? Ni taa. Taa ya nani, na kwa nini aifiche? Dalili iliyoanza kwa kumtetea mteja sasa inaonyesha muuaji. Kila dalili yako kubwa ipime hivyo: ikishafunga mlango mmoja, inafungua upi?

Hatua ya 7: Tukio la mahakamani

Hapa ndipo miezi ya msomaji inapolipwa, kwa hiyo usiharakishe. Pia usiandike siku nzima. Shahidi wa kwanza, daktari, afisa aliyepeleka sampuli: wote hao wapite kwa mistari michache. Jaza ukurasa kwa mtu mmoja.

Mawakili wanajua kwamba mahojiano ya shahidi wa upande wa pili si mahali pa kutafuta jibu usilolijua. Kila swali la Upendo liwe fupi, liwe na jibu moja, na lisionyeshe linakoelekea. Wakili wa Serikali asiwe mjinga. Ni msomi mwenzake, pengine walisoma pamoja Shule ya Sheria, na wakati wa mapumziko wanasalimiana.

"Shahidi, jioni ya siku ile ulifuturu?"

"Nilifuturu. Nyumbani kwangu."

"Ulikuwa umefunga ya ngapi?"

"Mheshimiwa Jaji," Wakili wa Serikali alisimama, "sioni funga ya shahidi inahusiana vipi na shtaka."

"Nitaonyesha uhusiano, Mheshimiwa, kwa maswali mawili."

"Endelea, wakili."

"Ya ngapi, shahidi?"

"Ya ishirini na sita. Usiku wake ndio ule mkubwa, kila mtu yuko msikitini."

"Na mshtakiwa ulimtambua kwa mwanga gani?"

"Nimekwisha sema. Mbalamwezi."

"Sina swali lingine, Mheshimiwa Jaji."

Akae. Kishawishi cha kila mwandishi, na cha kila wakili kijana, ni kuongeza swali moja la kujisifu: "Je, usiku wa ishirini na saba kuna mbalamwezi?" Ukiliuliza, shahidi anapata nafasi ya kujirekebisha, atasema alimaanisha taa za barabarani, atasema alichanganya siku. Muache na neno lake kwenye kumbukumbu.

Nani basi atamweleza msomaji asiyejua? Wazee wa baraza. Wanaruhusiwa kuuliza swali la kupata ufafanuzi, ingawa hawaruhusiwi kumhoji shahidi kwa ukali kama mawakili. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya kesi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, aliyekuwa amesinzia tangu asubuhi kiasi kwamba karani alitaka kumgusa, anainua mkono. Jaji anamruhusu. Anauliza kwa upole kabisa, kwa kutaka kuelewa tu:

"Mwanangu, huo mwezi uliuona umekaa upande gani?"

Ukiweza kuandika kimya kinachofuata bila kutumia neno "kimya", umefaulu.

Kuhusu mirathi, ile bahasha isitoke siku hiyo. Nakala iingizwe na shahidi wa utetezi, karani wa Mahakama ya Mwanzo, kwa utaratibu wake, ipewe namba ya kielelezo na isomwe kwa sauti. Mpangilio huu unakupa mapigo mawili: kwanza jaji anaacha kumwamini shahidi, halafu anajua kwa nini shahidi alisema aliyosema.

Hatua ya 8: Amua kesi inaishaje na ukweli unaishaje

Ni vitu viwili tofauti. Jaji anaweza kusema mshtakiwa hana kesi ya kujibu, na mambo yakaishia katikati. Anaweza kusikiliza pande zote na kumwachia katika hukumu. Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuiondoa kesi, kijana akashuka ngazi za mahakama, na polisi wakamkamata tena pale pale getini kwa shtaka lilelile. Watu wameyaona hayo kwa macho yao, na kama unataka pigo kabla ya mwisho, ndilo hilo.

Lakini hakuna hukumu inayomfunga mkwe. Upendo hana mamlaka ya kumshtaki. Unaweza kumfanya jaji, ndani ya hukumu, aeleze mwenendo wa shahidi kwa maneno ambayo polisi hawawezi kuyapuuza. Unaweza kumleta yule mwanamke wa mumewe baharini, aliyeiona pikipiki ikipita dirishani na hakuthubutu kusema. Unaweza pia kumwacha mkwe arudi Pangani akiwa huru, akaishi na mke ambaye sasa ameisikia hukumu. Mimi ningechukua la mwisho. Riwaya ya polisi inadai pingu, ya wakili haidai.

Hatua ya 9: Kabla hujaitoa

Chukua kalenda ya mwaka wa hadithi yako, ya serikali na ya Hijria kwa pamoja, uhakiki kila tarehe. Mahakama haisikilizi kesi Jumapili wala siku ya Idi, na kumbuka mwezi wa Ramadhani huanza kwa kuandama, kwa hiyo tofauti ya siku moja kati ya kalenda iliyochapishwa na hali halisi ni jambo la kawaida. Namba za vifungu vya sheria zipunguze. Sheria hurekebishwa na namba huhama, halafu wahusika wanaotaja vifungu kila wakifungua mdomo wanachosha.

Mpe mtu wa mahakamani asome. Nasema karani kuliko wakili. Wakili atakusahihishia sheria, karani atakwambia kwamba jaji akiingia ni nani anayebisha mlango, mahabusu hushushwa kwenye karandinga saa ngapi, na kwamba hakuna aliyewahi kugonga nyundo ya mbao kwenye mahakama aliyofanyia kazi.

Ukiitoa kwa vipande kwenye simu, kama wengi wanavyofanya sasa, kata kila kipande mahali ambapo hati mpya imefunguliwa na haijasomwa. Maelezo ya shahidi yape kipande chake chenyewe, yaandike yote neno kwa neno, na usijibu maoni ya wasomaji wanaouliza kuhusu mwezi.